Ndara ya Kushoto

Wodi ya mifupa, kitanda cha dirishani
11 Februari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Ulitufundisha kuanza barua kwa kusema mimi huku ni mzima, hofu ni kwenu mlio mbali. Leo siwezi kuanza na uongo mstari wa kwanza. Mimi huku ni mzima isipokuwa paja la kushoto.

Najua mwenzangu wa kazini alikupigia simu, na najua hukusikia hata nusu, maana ameniambia alipomaliza kukueleza yote ulimjibu, "Asante mwanangu, na wewe pia." Masikio yako na simu haviivi chungu kimoja. Ndiyo maana naandika. Jambo hili nataka ulipate lote, tena kutoka kwangu.

Mama, sikuanguka mnarani. Nalisema hilo kwanza kwa sababu nakujua. Miaka yote hii napanda minara ya simu, juu mpaka naona mapaa ya mji mzima, na sijawahi hata kuteleza. Nimegongwa chini, kwenye lami, nikiwa na mfuko wa vitunguu. Pikapu ilirudi nyuma bila dereva kutazama, ikanibana kwenye ukuta wa duka. Vitunguu vilipona vyote.

Mfupa wa paja umevunjika vipande vinne, na vingine vidogovidogo ambavyo daktari hakutaka kuvihesabu. Daktari mwenyewe ni mwanamke mwembamba, mpole wa kusema, ila wodi nzima inamwita Seremala, na jana nilielewa kwa nini. Walinichoma sindano ya ganzi mgongoni, kwa hiyo nilikuwa macho. Hakupasua pale palipovunjika. Alifungua njia ndogo juu ya nyonga, akapitisha waya mrefu ndani ya mfupa, mle mwenye uboho, akitazama kwenye skrini ya eksirei kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano. Akapekecha njia ikapanuka. Halafu akaingiza msumari. Msumari, Mama! Si huu wa mbao. Ni chuma mviringo, kirefu kama kutoka kiwiko changu hadi ncha za vidole, na unene wake ni wa kidole kimoja. Nikasikia nyundo. Maumivu sikuyasikia, nilisikia nyundo tu na kitanda kikitikisika, na yeye akiniomba radhi kila alipogonga. Mwisho akafunga skrubu juu, akafunga na mbili chini karibu na goti, ili vipande visipandane na mguu usizunguke wala kufupika.

Kesho wanataka nisimame. Nimemuuliza mara mbili kama hajakosea mgonjwa. Anasema nianze kwa kukanyaga kidogo, kwa magongo, na kila wiki niongeze uzito. Nikienda vizuri, kabla ya mwaka kwisha nitarudi mnarani. Hilo ndilo neno nililolishika. Msimamizi wangu alikuja kuniona, akasema nafasi yangu itanisubiri mpaka Desemba, baada ya hapo atanipeleka stoo nikapange nyaya. Mimi na stoo! Afadhali waniweke kwenye boksi moja na hizo nyaya.

Usije. Magoti yako hayaiwezi safari ya siku nzima. Niandikie tu, barua uiache kaunta ya vifurushi pale stendi, kondakta wa basi la asubuhi ataileta.

Mwanao,
Komba


Nyumbani
15 Februari

Komba mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa, mara ya tatu nikavaa miwani. Mungu ashukuriwe kwa uhai wako. Huyo dereva namwachia Mungu huyohuyo, ingawa ningependa kuonana naye kwanza.

Sasa nisikilize, na hapa hasemi mama yako, anasema Sista Mkuu. Mimi nimeuguza mapaja yaliyovunjika tangu sijaolewa mpaka nilipostaafu. Wodi yangu ilikuwa ya vitanda vya kamba. Mgonjwa anapitishiwa pini chini ya goti, pini inafungwa kamba, kamba inapita kwenye kapi, na mwisho wa kitanda uzani unaning'inia ukiuvuta mguu taratibu. Analala hivyo wiki kumi na mbili. Hageuki bila ruhusa. Visigino na mgongo nilikuwa nawakanda mwenyewe wasipate vidonda. Mfupa haupendi haraka, Komba. Mfupa hushika ukiachwa kimya. Hakuna mtu aliyesimama siku ya pili katika wodi yangu, na angethubutu angenikuta mlangoni.

Huyo Seremala wako huenda anajua kugonga. Sijui kama anajua kusubiri. Kwa hiyo: usikanyage. Wakikuambia simama, simama kwa mguu mzima na magongo, huo mwingine uache uning'inie. Usibishane nao, wana haraka ya kitanda. Wewe itikia, halafu ning'iniza.

Kunywa maziwa. Kula mayai. Usione haya kuomba chombo cha haja, manesi tumezaliwa kwa kazi hiyo.

Tangu ulipopanda kabati kabla hujajua kutembea, nimekuwa nikikuambia asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sasa guu limekwisha vunjika. Basi angalau lisikie.

Nakupenda mno,
Mama yako


Chumbani kwangu
3 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Nimerudi kwangu. Jirani yangu wa mlango wa pili, yule mshona mashuka, ananipikia na kunifulia, na kila akiingia anauliza kama msumari unapata kutu nikioga. Nimemwambia hapana, ila sasa na mimi nauliza.

Amri yako naifuata. Mara moja kwa wiki napelekwa hospitali kufanya mazoezi kwa mtaalamu mmoja wa viungo, kijana mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Tunamwita Sajini. Aliniagiza ninunue ndara za mpira zisizoteleza, jirani akaniletea za kijani, mpya kabisa, zenye lebo ya duka chini ya unyayo. Sajini akisema "kanyaga!", nauweka mguu chini kama kuku anayekanyaga jivu la moto, nakunja uso kidogo, anafurahi, tunaendelea. Nikifika nyumbani naning'iniza.

Mtu wa kuchezea waya kwenye upepo, sasa naogopa kizingiti cha mlango wangu mwenyewe. Usicheke.

Mwanao,
Komba


Nyumbani
24 Machi

Komba,

Marahaba. Sikucheka. Nilitabasamu, nayo ni haki yangu.

Umefanya vizuri. Huyo Sajini mwache apige kelele, kelele hazivunji mfupa. Wewe pumzisha mguu juu ya mto, kisigino kisiguse kitanda. Chezesha vidole. Nimeota unashuka basi kwa miguu yako miwili na mfuko wa vitunguu. Najua chanzo chake, lakini niliamka na furaha.

Mwambie jirani yako namshukuru. Na hautapata kutu.

Mama yako


Chumbani kwangu
30 Mei

Mama,

Shikamoo. Leo salamu ni fupi, nisamehe.

Jana nilipigwa picha ya eksirei. Seremala aliitundika kwenye taa, akainama akaitazama kwa muda mrefu, na mimi nikamtazama yeye. Msumari unaonekana mweupe, umenyooka, mzuri hata kuutazama. Lakini mfupa haujashika. Ufa bado ni mweusi. Baadhi ya vipande vimeanza kushikana kidogo, basi. Kwa muda uliopita, alisema, alitarajia kuona mengi zaidi.

Akaniuliza kwa ile sauti yake ya pole, "Unakanyaga?" Nikamjibu, "Ndiyo, daktari." Akaandika.

Anataka kungoja kidogo, halafu azitoe zile skrubu mbili za chini. Anasema zikitoka, vipande vitapata kusogeleana na kubanana kila ninapokanyaga, na mfupa ukibanwa huamka. Hilo lisipofaa, itabidi nirudi mezani kwa upasuaji mkubwa kuliko wa kwanza: msumari utoke, uingie mnene zaidi, na nichotwe mfupa nyongani wa kupachika kwenye ufa. Hapo mwaka huu tuusahau. Mnara na mimi tutasalimiana kwa mbali.

Mama, sijawahi kukuuliza hili hata nilipokuwa mdogo unaninywesha dawa chungu. Nakuuliza sasa. Una uhakika?

Komba


Nyumbani
6 Juni

Mwanangu,

Umeuliza kama nina uhakika. Nitakujibu kwa jambo ambalo sikupata kukusimulia, kwa sababu baba yako alilionea aibu na mimi niliitunza aibu yake.

Ulikua ukijua baba yako alichechemea kwa sababu alizaliwa hivyo. Hakuzaliwa hivyo. Alikuwa dereva wa lori la mbao, gogo likamwangukia, akaletwa wodini kwangu na paja la kushoto limevunjika. Nilimfunga kamba mimi. Nilimwosha, nikamlisha, nikamsomea magazeti maana hakuwa na subira ya kulala. Mtu akilala mbele yako wiki nyingi vile, unamjua. Watu husema walikutana sokoni, au harusini kwa watu. Sisi tulikutana na uzani ukining'inia katikati yetu.

Wiki ya saba nikachukua likizo fupi. Siku niliyorudi, akataka kunisalimia akiwa wima kama mwanaume. Hakuna aliyemtuma. Aliifungua kamba mwenyewe, akashikilia kitanda, akasimama. Nilipoingia mlangoni alikuwa amesimama, anacheka. Akapiga hatua moja kuja kwangu.

Niliusikia ule mlio, Komba. Nilimdaka, tukaanguka wote wawili. Mfupa ukapinda upya, wakamrudisha kwenye kamba, na aliposhuka kitandani mguu ulikuwa umepungua vidole viwili. Maisha yake yote kiatu chake cha kushoto kilikuwa na soli ya kupachikwa. Viatu vyake bado viko mlangoni, unavijua.

Basi, ndiyo. Nina uhakika. Sitaki kuusikia mlio ule mara ya pili, hata kwa barua.

Mama yako


Chumbani kwangu
21 Juni

Mama yangu,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mpaka imechakaa kwenye mikunjo. Nilikuwa nampenda Baba kwa kuchechemea kwake, nilikuwa namwiga uani na yeye ananikimbiza. Sasa nampenda kwa ile hatua moja pia.

Lakini nimekamatwa, na lazima nikwambie.

Juzi nimemaliza mazoezi, nimekaa kwenye benchi na ndara nimezivua. Sajini akaziokota azisogeze njiani. Akasimama. Akazipindua. Ya kulia chini imelika, imekuwa laini, mistari yote imekwisha. Ya kushoto ni mpya. Mama, lebo ya duka ilikuwa bado ipo, unaweza kuisoma! Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga. Aliniletea ile ndara, akaniwekea mapajani, akakaa kando yangu. "Miezi yote hii," akasema, "nilikuwa naufundisha mguu gani kutembea?"

Nikamwambia yote. Nikamwambia kuhusu wodi yako na amri yako. Na nilipokuwa nikisema hivyo nikasikia uongo mwingine ndani yake, huo ndio nataka uusikie wewe. Sikuning'iniza mguu kwa ajili yako peke yako. Naogopa, Mama. Kila nikiuweka chini naiona ile pikapu ikirudi nyuma. Ulipoandika "usikanyage" nilishukuru. Woga wangu ulipata cheti kutoka kwa Sista Mkuu, nikaacha kuuita woga nikauita utii. Kwa hiyo usijilaumu. Tulikuwa wawili.

Sajini ameomba nafasi kwenye karatasi hii. Nimempa ukurasa wa nyuma, nimemwambia aandike kwa adabu.

Komba

Sista, shikamoo. Mimi ndiye wanayemwita Sajini, ingawa gwanda sijawahi kuvaa. Sikuja kukusahihisha. Kwa kitanda cha kamba ulichosema ni sahihi kabisa, na mume wako (Mungu amrehemu) hakuwa na kitu ndani ya mfupa cha kumshikilia. Mwanao anacho. Ila kwa sasa mzigo unabebwa na chuma peke yake, na chuma kikibeba peke yake muda mrefu huchoka, kikichoka hukatika. Mfupa nao usipopewa kazi hauoni sababu ya kukua. Siogopi akanyage. Naogopa asikanyage. Mwanao ananiogopa mimi kidogo, anakuogopa wewe sana. Naomba uniazime sauti yako.


Chumbani kwangu
8 Julai

Mama,

Shikamoo. Basi la asubuhi limekuja na kuondoka mara nyingi, na kondakta ameanza kunionea huruma kabla sijauliza. Umenuna? Kama ni Sajini amekukera, nitamrudishia mimi. Kama ni mimi, nigombeze, lakini andika.

Skrubu zinatolewa wiki ijayo. Seremala nimemwambia ukweli. Alifuta alichokuwa ameandika, akasema tuanze upya.

Bado sijakanyaga sawasawa. Najaribu. Mguu unafika chini, moyo unaunyanyua.

Komba


Nyumbani
12 Julai

Komba mwanangu,

Marahaba. Sikununa. Nilikuwa nabishana na watu, na ubishi unataka muda.

Barua ile nilipoisoma niliikunja nikaiweka chini ya mto, siku tatu sikuigusa. Ya nne nikavaa sare yangu ya zamani, bado inanienea ukiacha vifungo viwili, nikaenda hospitali yangu. Mlinzi hanijui. Nikamwambia nimekuja kutazama wodi ya mifupa ya wanaume. Akanionyesha njia, nikafika, nikakuta ni wodi ya wazazi. Pale nilipokuwa na vitanda vya kamba, wamelala wanawake na vichanga vyao. Ndoano za kapi bado ziko darini. Wanatundikia vyandarua. Nikauliza vitanda vyangu viko wapi, nesi mmoja mdogo akaniuliza, "Vitanda gani, bibi?"

Nikapanda mpaka chumba cha upasuaji. Huko nikakuta kijana anayepanga vyombo, akaingia ndani akaniletea msumari kama wako, uliokwisha kutumika kufundishia. Mwanangu, nilikuwa sijawahi kuushika. Nimestaafu kabla haujafika kwetu. Nimekukataza kitu ambacho sikuwahi kukigusa kwa mkono. Nikaushika huku na huku, nikauweka gotini nikaukunja kwa nguvu zangu zote kama kuni. Haukukunjika. Goti ndilo lililopata alama, nayo ipo mpaka leo, ya buluu. Yule kijana hakujua acheke au aite mtu.

Daktari wao akatoka. Nilibishana naye kuanzia koridoni mpaka kwenye ngazi. Nilimpa kila nilichonacho. Mwisho nikamuuliza lile lililonileta: na akisimama, mfupa haujashika, akapiga hatua? Akaniambia, "Mama, akipiga hatua, msumari utamshika."

Nikaenda kukaa kwenye benchi la nje nikalia mpaka watu wakadhani nimefiwa. Nililia kwa sababu baba yako siku ile alikuwa na mimi tu wa kumshika, nami sikutosha.

Sasa nisikilize. Hasemi mama yako, anasema Sista Mkuu, na amri ya Februari naifuta kwa mkono wangu. Kanyaga. Kanyaga kwa magongo mawili, halafu kwa moja, halafu umpe Sajini magongo yake. Ukiogopa, ogopa, lakini uogope mguu ukiwa chini. Nataka hiyo lebo ya duka iishe.

Mwambie Sajini sauti nimemwazima. Airudishe akimaliza, bado nina matumizi nayo.

Mama yako


Chumbani kwangu
2 Agosti

Mama mpendwa,

Shikamoo. Amri imepokelewa, imesomwa kwa sauti mbele ya wagonjwa wote wa chumba cha mazoezi, na Sajini ameomba nakala aibandike ukutani. Mzee mmoja mwenye nyonga mpya alisimama bila kuambiwa. Nadhani alidhani unamwona.

Skrubu mbili zimetoka, kwa mikato midogo tu, hata nyundo haikuwepo. Nilimuuliza Seremala kama mguu hautaporomoka ukafupika kama wa Baba. Akanionyesha kwenye picha: vile vipande vimeshikana vya kutosha kutoanguka, ila havijashikana vya kutosha kuacha kuhitaji kusukumwa. "Kazi yangu mimi nimemaliza," akasema. "Iliyobaki iko chini ya unyayo wako."

Siku ya kwanza nililia kwa hasira. Inauma, Mama, sikufichi. Si maumivu ya kukatika, ni kama mguu uliolala unapoamshwa kwa lazima. Nilipofika katikati ya zile fito mbili za kushikilia, pikapu ikaja tena kichwani. Sajini akaona. Hakuniambia usiogope. Alisema kwa sauti yako, kabisa kwa sauti yako, na hajawahi kukusikia: "Ogopa, lakini mguu uwe chini." Nikauacha chini. Nikauegemea. Nikausubiri ule mlio wa Baba.

Haukuja. Kilichosikika ni ndara tu, inalia kwenye sakafu yenye maji.

Sasa natembea uani kila asubuhi na kila jioni. Jirani anatembea nami na shuka lake mkononi, anashona huku anatembea. Tumekuwa kioja cha mtaa.

Mwanao anayekanyaga,
Komba


Chumbani kwangu
19 Oktoba

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo, na kaa chini kabla hujaendelea. Sasa soma.

Mfupa umeshika. Seremala alitundika picha ya juzi kando ya ile ya Mei, akaniita nisogee. Ule ufa mweusi haupo. Pande zote kumeota mfupa mpya, mnene, hauna umbo la maana, kama uji uliogandia kwenye ukingo wa sufuria. Nikasema mbona mbaya hivyo. Akasema hajaona kitu kizuri zaidi mwaka huu. Halafu yule mwanamke mpole akapiga meza kwa ngumi mara moja, kama ananigongea msumari wa mwisho, na tukacheka wote na wauguzi wakaja kutazama.

Sajini alinipima miguu kwa futi ya kamba. Tofauti ni unene wa ukucha. Akasema huenda nilizaliwa nayo.

Jana nilikwenda kazini. Hawaniruhusu mnarani bado, ila kwenye karakana tuna kipande cha mnara cha kufundishia, kifupi, hakizidi paa la nyumba. Nilivaa mkanda, nikafunga kamba ya usalama. Nikaanza na mguu wa kushoto, makusudi. Nilikwenda mpaka juu. Hapakuwa na chochote cha kuona ila paa la stoo, nikalitazama lile paa kwa furaha, maana ndani yake hamna mimi. Niliposhuka msimamizi alikuwa anajifanya anasafisha miwani. Ameniweka kwenye zamu ya Desemba.

Kwenye kifurushi utakuta ndara zangu za kijani. Zipindue mwenyewe. Usiamini maneno ya mtu, hata ya mwanao, hasa ya mwanao. Nilitaka ushahidi uufikie mkono wako.

Nakuja kabla zamu hazijaanza. Vitunguu nitavinunua huko huko.

Mwanao,
Komba


Nyumbani
24 Oktoba

Komba wangu,

Marahaba, mara mia.

Kifurushi kimefika. Nimezipindua ndara juu ya meza ya chakula, Mungu anisamehe, nikavaa miwani nikazichunguza zote mbili chini ya dirisha. Lebo haipo. Nimeitafuta kwa kidole.

Ila kisigino cha kushoto kimelika kuliko cha kulia. Unauelemea mno huo mguu. Nilisema kanyaga, sikusema umsahau mwenzake, naye ndiye aliyekubeba tangu Februari. Sawazisha. Mwambie Sajini nimeliona hilo nikiwa mbali hivi, yeye yuko hapo hapo anafanya nini? Sauti yangu airudishe.

Nimezifuta vumbi nikaziweka mlangoni, kando ya viatu vya baba yako. Chake cha kushoto kimesimama juu na ile soli yake ya vidole viwili, kama siku zote. Zako zimekaa chini, zote mbili, kimo kimoja. Nilivuta kiti nikazitazama mpaka chai ikapoa.

Ukija, usilete viatu vingine vya kuvaa nyumbani.

Mama yako